Mume Wangu Anataka Tingatinga

Ishiara,
6 Mei 2024

Baba Kiende,

Pokea salamu zangu na za nyumba yote. Huku jua limetukausha lakini tunapumua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Mutwiri, yule dereva anayepakia ndengu zetu kuja soko la kwenu, ameniambia simu umeifungia kabatini tangu masikio yakugomee. Meseji nazo eti herufi zake ni ndogo kama chawa. Basi mimi nimeandika kubwa.

Nina shida, na aibu yake naijua, lakini mkwe ni mtu wa ndani. Mume wangu amenishinda.

Tangu mitambo ije kuchimba lambo la maji hapa chini ya boma letu, hana kazi nyingine. Akiamka tu, mbio huko. Anakaa juu ya jiwe kutwa nzima akitazama tingatinga ikichota udongo, na mlio wake anauiga kwa mdomo, mate yanaruka. Uji anakataa. Nikimwita aoge, ananitoroka uchi. Juzi ameanza tena kulowesha kitanda, jambo alilokuwa ameacha. Jumamosi nilimchapa na mwiko, mara moja tu, akalia mpaka akashikwa na kwikwi, akasema atahamia kwa dereva wa tingatinga.

Sasa anataka tingatinga yake mwenyewe. Najua una karakana hapo nyumbani na mikono yako haijazeeka. Mtengenezee moja ya mbao, labda nami nitapata usingizi.

Mkwe wako,
Ciakuthii, Mama Ireri


Kanyakine,
11 Mei 2024

Mama Ireri,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Sijui niseme nini. Mzee Kithaka! Mtu aliyekaa mbele yetu siku ya mahari ya Kiende, kofia magotini, asiseme neno mpaka sote tumemaliza kubishana, halafu akasema moja tu na likawa ndilo hilo. Leo anakimbia uchi mbele ya mitambo ya serikali? Nimeshtuka mpaka chai imepoa mbele yangu.

Kati ya wakwe kuna mambo hayatajwi. Habari ya kitanda ningependa usingeniandikia, maana nikikutana naye sasa nitaangalia wapi? Lakini umeshaandika. Na mwiko, Mama Ireri! Unamchapa mwenye boma na mwiko? Hata akili ikipotea njia, heshima ya mzee haipotei nayo. Mpeleke hospitali. Dada yangu wa Kangeta alianza hivyohivyo, akawa anaongea na kuku, na daktari alimsaidia sana.

Kuhusu tingatinga, siwezi kukunyima. Ila niambie, ni ya kusukuma au ya kukaliwa? Kwa mzee wa kimo chake, ya kukaliwa itamaliza miti yote ya Imenti Kusini. Na je, Ireri na Kiende wanajua? Huko Timau waliko na mtoto wao, na kazi ile ya maua isiyo na likizo, habari hii isije ikawafikia kwa mdomo wa mtu wa nje.

Nakuombea.
Muthamia, Baba Kiende


Ishiara,
18 Mei 2024

Baba Kiende,

Nimecheka mpaka Baba Ireri akaja kuuliza ni mgeni gani ameingia. Nikamsomea barua yako. Hakucheka. Alivua kofia, akaiweka magotini, ndipo mabega yakaanza kutikisika, na nilipomwangalia machozi yalikuwa yakimtiririka kwa kicheko. Anasema ukija atakusalimu akiwa amevaa nguo, usiwe na hofu.

Mtoto hayuko Timau. Baridi ya kule ilimkaba kifua, Kiende akamleta kwangu tangu Machi. Nilidhani amekuandikia. Na wewe si mgeni wa mila. Mtoto wa kwanza wa kiume amebeba jina la babu yake, yeye ni Kithaka, na mimi nyanya yake nimwiteje kama si mume wangu? Huku kwetu tunawaita hivyo hata mbele ya pasta. Yule mkubwa ni Baba Ireri. Tangu anioe sijawahi kumwita mume wangu, ningeanzia wapi, ningeona haya. Basi shika hili kichwani: nikiandika mume wangu, ni mtoto. Mwenye miaka minne.

Amesisitiza tingatinga iwe ile yenye mkono wa kuchota, si ile ya kusukuma udongo tu. Nimekutumia uzi. Nilimsimamisha mlangoni nikampima kutoka kisigino hadi utosi, nikafunga fundo, ili mpini wa kusukumia usije ukampiga kidevu. Baba Ireri hakupenda. Alisema mtoto hapimwi kwa uzi, mtoto hupimwa kwa macho. Nikamwambia macho ya fundi yako Kanyakine, hayafiki huku. Akaenda zake, lakini si kwa kukubali.

Siku hizi anamsindikiza mjukuu huko lamboni, wanakaa jiwe moja. Sasa nina wanaume wawili wanaokataa uji.

Ciakuthii


Kanyakine,
15 Juni 2024

Mama Ireri,

Aibu niliyoipata niliipeleka karakana, huko ndiko mambo yangu mengi huishia. Mwambie mzee nimekubali kuchekwa.

Sasa sikia kazi ya mume wako. Mwili nimeuchonga kwa muringa, ubao uliobaki nilipotengeneza kabati la kanisa. Mbao za mukima zingekuwa rahisi zaidi, lakini hupasuka msumari ukiingia, na huyu kijana kwa ulivyomweleza ana mikono ya kubomoa. Magurudumu nimeyakata kwa msumeno wa mkono, nikayazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili yatambae kama ya kweli. Kibanda cha dereva kina dirisha, na kiti ndani.

Mkono ndio ulioninyima raha. Kwanza nilitumia kamba. Uliinuka, lakini kuchota ukakataa. Nikaubomoa. Nikajaribu waya, ukanikata kidole. Ndipo nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua mabomba ya sindano, yale makubwa ya kudungia mbuzi. Nikayaunganisha mawili kwa mpira mwembamba, nikajaza maji. Ukisukuma bomba la nyuma, maji yanakimbia, la mbele linainua mkono. Nilipouona ukiinuka nilipiga kelele ya furaha mpaka Mama Marete, jirani yangu, akaja mbio. Mimi mwenyewe sikujisikia.

Uzi wake nimeutundika kwenye msumari juu ya meza. Kila asubuhi nikiingia nauambia, hujambo Kithaka. Mtoto wa pili wa kiume akizaliwa ni Muthamia, hilo mlijue mapema, na huyo hatachapwa na mwiko.

Imebaki ndoo ya kuchotea na rangi. Njano, sivyo?

Muthamia


Ishiara,
6 Julai 2024

Baba Kiende,

Mume wangu ametutoka.

Ilikuwa jana asubuhi, huko lamboni. Aliamka mzima, akanywa uji wote, akaenda kukaa kwenye lile jiwe kutazama tingatinga. Aliinuka, akashika kifua, akaanguka. Walipomleta nyumbani hakuwa na neno.

Kila siku alikuwa akiniuliza kama ile ya mbao iko tayari. Hakuiona.

Tunamzika Ijumaa. Siwezi kuandika zaidi, watu wanaingia.

Ciakuthii


Kanyakine,
10 Julai 2024

Mama Ireri,

Mutwiri alinipa barua yako Jumapili hapa langoni. Alisema maneno mengi, sikuyasikia. Nilisoma mstari wa kwanza na dunia ikasimama.

Nimejifungia karakana. Mama Marete anagonga mlango, nauona ukitikisika, sifungui. Nina hakika anataka kunifariji, na mimi sitaki faraja.

Miaka minne. Mungu anataka nini kwa mtoto wa miaka minne? Mimi niko hapa, sina mke, sisikii, na ananiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nimemkasirikia Mungu na nitamwambia hivyo, lakini si leo, leo nina kazi.

Mtoto wa binti yangu hatalala kwenye sanduku la dukani. Nimelitengeneza mwenyewe. Muringa mwingine sikuwa nao, kwa hiyo nimeivunja tingatinga. Mwili wake umekuwa kifuniko. Urefu nimeupata kwa uzi ule, sikuwa na kipimo kingine na sikukitaka. Nimelipiga randa na msasa hata ndani, asichomwe na kibanzi.

Kuja siwezi. Nimejaribu kuvaa viatu mara mbili, nikavivua. Sanduku nimelifunga kwa magunia nikayazungushia kamba, na barua hii iko ndani ya gunia. Mutwiri hajui amebeba nini. Nilishindwa kumwambia.

Mshike Kiende asianguke.

Muthamia


Ishiara,
14 Julai 2024

Muthamia,

Leo nakuita kwa jina lako kwa sababu sijui kama bado wewe ni mkwe.

Mtoto yuko hai. Kiende amesema nianze na hilo. Yuko hai, anakula, na hivi ninavyoandika anamfukuza jogoo. Aliyekufa ni Baba Ireri. Tuliyemzika Ijumaa ni mzee Kithaka.

Sasa sikia ulichotufanyia. Alhamisi boma lilikuwa limejaa watu wa matanga, wanawake wanamenya viazi, wanaume wanafunga turubai. Mutwiri akashusha mzigo wa magunia, akauweka katikati ya uwanja, akasema kwa sauti, “Hii ndiyo ile toy ya kijana. Mzee wa Kanyakine ametuma.” Watu wakafurahi. Wakasema ni vizuri, angalau mtoto atafutwa machozi, maana amekuwa akimtafuta guka, babu yake, kwenye lile jiwe. Kithaka akaja mbio. Akanyakua kisu cha viazi, akakata kamba kabla hatujamzuia, na magunia yakafunguka.

Sijawahi kusikia boma la matanga likinyamaza namna ile.

Mtoto akalizunguka sanduku. Akasukuma kifuniko, akaingia. Akakaa kidogo, akalala aone kama anatosha, na alitosha kabisa, kichwa huku na miguu huku. Halafu akaniita kutoka humo ndani, “Cucu, hii haina mkono.”

Kiende alianguka. Uliandika nimshike, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakaa chini kwenye maganda ya viazi. Ireri alimvuta mtoto kwa shati, likachanika. Mama mmoja akapiga nduru, wengine wakaifuata. Mutwiri anazunguka tu uwanja akilia, “Aki mimi nilibeba tu! Mimi sikujua!” Watoto wa wenyewe wakachukuliwa na mama zao, wakatoka bila kuaga.

Ireri anasema watu wa Kanyakine wamemtakia mtoto wake kifo, na kwamba Kiende achague ni wa wapi. Kiende hajachagua, analia. Wazee wa ukoo wakakaa kando. Wengine walisema lichomwe. Wengine wakasema hapana, sanduku limepimwa kwa mwili wa mtoto, ukilichoma umemchoma nani? Usiulize kama tuliamini. Wewe uliza nani angekuwa wa kwanza kuwasha kiberiti.

Barua yako niliikuta baadaye kwenye magunia, nikaisoma jikoni peke yangu. Nilikuja na hasira mpaka kwenye mstari wa miaka minne, ndipo nikaelewa. Mimi ndiye niliyekuambia mume wangu ni mtoto. Halafu siku ile nikaandika mume wangu.

Sikufikiri. Walimleta kwenye machela, wamemfunika uso kwa kofia yake, na neno ambalo sikuwahi kumpa maisha yetu yote likatoka lenyewe, likaenda kwa mwenyewe. Nilikuwa nikimpa mjukuu kwa mzaha, kila siku, na mwenye nalo amekaa palepale anatusikiliza. Hakuwahi kuuliza lake liko wapi.

Nimewasomea wazee barua yako, nikawaeleza niliyoandika katika yangu. Wakaniomba niurudie mstari wa miaka minne, hata Ireri. Mwishowe mmoja akasema mkono uliofunga ndio utakaofungua. Uje mwenyewe na mbuzi wa kutakasa boma. Ulivunje sanduku mbele ya mtoto na mbele ya baba yake, ubao kwa ubao, usibaki hata mmoja wenye umbo lile. Usipokuja kabla ya mwezi huu kwisha, Ireri atalichoma, liwe liwalo, na mtoto hataikanyaga Kanyakine tena.

Kiende anasema alimpigia jirani yako simu, akaambiwa habari unazo na mlango hufungui. Ungefungua, Muthamia.

Sanduku liko zizini. Hata mbuzi wanalikwepa.

Ciakuthii


Kanyakine,
16 Julai 2024

Mama Ireri,

Yuko hai. Niliusoma mstari ule, macho yangu sikuyaamini, nikamwita Mama Marete ausome kwa sauti, nikawa natazama midomo yake. Midomo ilisema yuko hai. Nikamkumbatia mke wa watu hapo mlangoni.

Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba ninacheka na mzee Kithaka amekufa. Kofia magotini! Nisamehe, namlilia sasa, nimechelewa kwa siku zote ambazo nilimlilia mtu mwingine.

Halafu nikafika pale ulipoandika kichwa huku na miguu huku, nikautoa uzi msumarini, nikauficha mfukoni mwa koti. Alitosha kabisa. Maisha yangu yote nimetaka kusikia maneno hayo kuhusu kazi ya mikono yangu, na sasa sijui nitayafuta vipi kichwani.

Hujakosa wewe. Mwanamke aliyefiwa anaandika mume wangu, na mzee mzima ninaelewa mtoto? Lakini ulikuwa umeniambia nishike kichwani, nikashika. Nilishika kwa mikono yote miwili.

Ireri ana haki ya kunikasirikia. Ningekuwa yeye ningekuja hapa na panga. Nakuja Jumamosi. Naleta msumeno, patasi, keekee, mbuzi dume, na mabomba ya sindano, yale sikuyatupa. Mwambie kama hataki kunisalimu asinisalimu. Ila mtu ashike ubao upande wa pili nikiukata. Ubao usioshikwa hupasuka.

Muthamia


Ishiara,
2 Novemba 2024

Baba Kiende,

Sisi wazima. Mvua imefika, tumepanda ndengu, na lambo limeanza kushika maji.

Huku bado wanasimulia ulivyoingia bomani na msumeno begani, kamba ya mbuzi mkononi, ukawapita watu wote bila salamu mpaka zizini. Na Ireri bado anachekwa alivyoapa kwamba hatashika ubao. Ubao wa kwanza ulipopasuka akasogea, wa pili akaushika. Hakusema kitu. Hata angesema usingesikia, na labda ndiyo sababu mliimaliza kazi bila kugombana. Koti ulilomwachia amekataa kulivua hata kwenye jua hili. Kiende aliporudi Timau alienda akiimba, nami sikuwa nimemsikia akiimba tangu matanga.

Tingatinga mliyoiunda upya kwa mbao zile inafanya kazi kuliko ile ya lambo. Mvua ya kwanza ilipopiga, kaburi la Baba Ireri likatitia katikati. Nikachukua jembe nikaenda, nikamkuta mtoto amenitangulia. Anachota udongo na ile ndoo ndogo, anasukuma bomba, mkono unainuka, anaumwaga pale palipobonyea. Mlio mdomoni, mate yanaruka. Nikamuuliza anafanya nini. “Cucu, usinisumbue, niko job.” Nikarudisha jembe nyumbani.

Kuna jambo nataka ulijue, tusije tukauana tena kwa karatasi. Simwiti tena mume wangu. Namwita Kithaka. Siku ya kwanza alishtuka, akaniuliza kama nimepata mwingine. Nikamwambia jina lile ni la guka, alikuwa ameliazima tu. Basi ukiona mume wangu katika barua zangu, ni yule aliyelala chini ya mti wa mukau. Namwita kila asubuhi nikimpelekea kuku maji, kwa sauti, na haya sioni tena.

La mwisho. Uzi uliusahau katika mfuko wa lile koti. Ireri aliuvuta nje mbele yangu, nikasema autupe motoni.  Alimwita mtoto, akamsimamisha mlangoni pale pale nilipompimia, akaweka fundo utosini, akaushusha uzi mgongoni polepole. Haukufika chini. Ulibaki ukining'inia juu ya kisigino, upana wa kidole kizima.

Tulisimama sote tukiutazama. Kithaka akageuka, akauona, akauliza ni nani ameukata.

Baba yake akamwambia, “Ni wewe.”

Mkwe wako,
Ciakuthii